Risala ya Wanafunzi wa Chama cha Kilimo kwa Mgeni Rasmi, Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum.

Mipapai uliyoiona shambani ni ya aina ya Solo. Mche wa mpapai hautambuliki jinsia kwa macho mpaka utoe maua, baada ya miezi minne hadi sita hivi. Anayekuuzia "mche jike" wa kimo cha kiganja anabahatisha tu.

Mpapai dume hushusha vishada virefu vya maua membamba. Wa kike huchanua karibu na shina, ua nene lililovimba chini. Mti huu hutegemea chavua ya mti mwingine, na papai lake ni la mviringo. Huntha ana ua lenye sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike. Hujichavua mwenyewe, akazaa papai refu lenye nyama nene na uwazi mdogo ndani. Hilo ndilo wanunuzi hulitafuta.

Mbegu za huntha aliyejichavua hutoa, kwa wastani, huntha wawili kwa jike mmoja. Dume hapati nafasi. Kwa hiyo ukipanda mche mmoja kila shimo, theluthi ya shamba itakuwa majike. Ukipanda mitatu, uwezekano wa shimo kukosa huntha ni 1 kati ya 27. Ndiyo sababu tunapanda mitatu, tunangoja maua, tunabakisha huntha mmoja. Wazazi wetu, twawasihi msing'oe mapema kwa kuutazama unene wa mche. Wala msumari shinani haumgeuzi dume kuwa jike: jinsia ilikwisha kuamuliwa ndani ya mbegu.

Kwa wenye mipapai ya asili ya dume na jike, abakishwe dume mmoja kwa majike kama 10. Chavua hubebwa na nondo wakubwa wanaoruka tangu jua linapotua, basi dawa za wadudu zisipigwe saa hizo.

Mheshimiwa, taabu yetu ni kaskazi. Joto na kiu vikizidi, sehemu ya kike katika ua la huntha hudumaa, ua likawa kama la dume, na mti ukaacha kuzaa. Ndoo tunazobeba hazitoshi. Tunaomba utusaidie kupata tangi na mipira ya kumwagilia kwa matone, na afisa wa kilimo aje kuwafundisha wazazi kusoma maua haya kabla ya msimu wa kupanda.

Tunaomba kuwasilisha.