Kuhusu ule ubao wa kuvutwa na boti

Uyole, Mbeya

Kaka Ambakisye,

Ugonile. Barua yako imenifikia. Huku wote wazima, ni baridi tu inayotusumbua. Nimefurahi kusikia injini ya boti imepatikana na kwamba mnataka kukagua miamba ya Ziwa Nyasa, kutoka Matema hadi Ikombe, kwa ubao ambao mzamiaji huushikilia huku akivutwa na boti. Mzamiaji anayepiga mapezi huchoka kabla hajaona mengi. Anayevutwa hupita eneo kubwa kwa mtungi uleule wa hewa, akihesabu samaki na kuona nyavu zilizonasa maweni.

Ubao wenyewe si kazi ngumu. Chukua plaiwudi ya marini, ile nyeusi wanayofungia zege, ya milimita 18. Kata sentimita 60 kwa 40, piga msasa kingo zote na uzipake epoksi vizuri, maana maji huanzia ukingoni kuibandua. Toboa matundu ya kufungia kamba kwenye pembe mbili za mbele. Ukiinamisha ukingo wa mbele unazama, ukiuinua unapanda. Ila nakuomba uweke mshikio katikati pia, si pembeni tu. Anayeshuka lazima abane pua apulize ili masikio yafunguke, kwa hiyo mkono mmoja uweze kuuongoza ubao peke yake. Ubao wenye mishikio ya pembeni tu, ukiachia mmoja unageuka ubavu, na mtu anajikuta anazidi kushuka huku masikio yanamuuma. Ufungie boya dogo ili uelee ukiachiwa. Mtu asijifunge kwenye ubao kwa namna yoyote, hata kwa kitanzi cha kiganja. Akitaka kuachia, aachie.

Sasa kamba, na hapa unisikilize kuliko pengine pote. Ziwa letu linapita mita 700 penye kina kirefu, na chini ya Milima ya Livingstone mwamba unashuka wima. Ukisogea kidogo tu kutoka ufukoni, chini ni giza. Kwenye matumbawe ya kina kifupi kule pwani, mchanga unamzuia mtu. Kwenu hakuna cha kumzuia. Tena anayevutwa hahemi wala hachoki, hivyo mwili haumwambii kwamba ametoka mita 8 yuko 25. Kukunja viganja kidogo kunatosha kumfikisha huko. Kamba ndiyo iwe sakafu yake. Wakaguzi wa matumbawe Australia, ambao huvutwa na mirija ya kupumulia tu bila mtungi, hutumia kamba ya mita 17. Msizidishe hapo. Aliye kwenye kamba ya mita 17 hafiki mita 20 hata akitaka.

Kupanda kuna hatari yake, na mimi naiogopa kuliko kushuka. Hewa iliyojaa mapafuni kwenye mita 10 inadai nafasi karibu maradufu ikifika juu. Mtu akibana pumzi huku ameinua ubao ghafla, pafu linaweza kupasuka hata kama hakuwa chini sana. Apumue muda wote, na asipande zaidi ya mita 9 kwa dakika.

Mwendo uwe kilomita 3 hadi 5 kwa saa, kama wa mtu anayetembea. Nahodha aelewe kwamba akiongeza mwendo mara mbili, maji yanasukuma mara nne: miwani inang'oka, na kipumulio kinaweza kuanza kumwaga hewa mtu akigeuza kichwa. Mwingine akae nyuma ya boti, kazi yake kutazama ubao tu, kisu kikiwa karibu cha kukatia kamba. Ubao ukiibuka peke yake, injini izimwe palepale, na pangaboi lisizunguke tena mpaka kichwa kionekane.

Wavuvi muwaulize kila asubuhi nyavu zao ziko wapi, na mzamiaji naye awe na kisu. Mwera ukivuma msitoke. Midomo ya mito muiache kabisa. Mamba mnawajua ninyi. Kichocho mpime.

Kuna na hili la wageni watakaotoka huku kwetu. Ziwa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kuzamia, yanayoonyesha kina na muda salama, hurekebishwa kuanzia mita 300, kwa hiyo msitumie ya baharini yalivyo. Mbeya nayo iko kwenye mita 1,700, na barabara ya Tukuyu inapita juu zaidi kabla ya kushuka Uyole. Kwa aliyetoka kuzamia, kupanda Coaster jioni ileile ni kama kupanda ndege: naitrojeni iliyobaki mwilini inatoa mapovu. Kanuni ya wazamiaji ni kusubiri saa 12 kwa aliyezama mara moja, na 18 kwa aliyezama mara kadhaa. Walale Matema, wale samaki mbasa, wapande kesho yake. Chemba ya shinikizo ya kumtibu mtu msiitegemee huku nyanda za juu.

Ukipenda, plaiwudi nitaikata na kuitoboa hapa Mwanjelwa niipakie kwenye basi la Kyela. Nijulishe mnataka mbao ngapi na kamba mliyo nayo ina unene gani, ili nijue ukubwa wa matundu. Msalimie mama na watoto.

Wako,
Tumaini