Usingoje kujitengeneza kwanza: barua kwa Mama Mapasa

Mama Mapasa, rafiki yangu,

Yesu asifiwe sana. Salamu nyingi toka huku Goma. Sisi tuko, watoto wako muzuri, baba yao leo anapata kibarua kesho anakosa, mvua imeanza na ile vumbi nyeusi ya volkano imelala kidogo, tunashukuru Mungu. Kwenye salamu sitakawia, juu usiku nimesikiliza odio yako mara tatu, na ile mara ya tatu nilitoka inje nikakaa kwenye mawe ya lupangu ili watoto wasione machozi.

Umesema, "mi nitarudi kwa Mungu, lakini acha kwanza nijitengeneze." Halafu palepale ukaanza kunipa bei ya mafuta ya mawese soko la Kadutu, kule kwenu Bukavu. Nakujua we! Ukirusha maneno hivyo ni kwamba kitu kinakuuma. Miezi 8 kimya, kisha odio ya dakika mbili saa sita ya usiku, kisha mawese. Nilitaka nikujibu na sauti lakini nitalia na wewe utanikata, kwa hiyo naandika, soma polepole wakati mapasa, wale mapacha wako, wamelala.

Nataka tuongee juu ya ile murongo.

Najua umeshajua ni murongo gani. Murongo njo ile kopo yetu ya kupimia maharagi ya kuuza, tuliigonga kitako nyuma ya kibanda, wewe ukashika, mi nikapiga na jiwe mpaka kikaingia ndani, na kwa juu haionekane kitu, ukijaza inafanya kilima muzuri kabisa na muteja anafurahi. Ilikuwa 2021. Volkano ilitoka tarehe 22 mwezi wa 5, jumamosi mangaribi, ikafunika nyumba yenu ya Buhene, na siku tano baadaye wakatuambia tutoke mjini, tukatembea na miguu mpaka Sake na godoro moja kwa kichwa. Tuliporudi hatukuwa na kitu. Gunia ya kwanza tulichukua deni. Tukasema tutaigonga tu mpaka deni iishe, Mungu anaona hali yetu.

Deni iliisha Noeli ile ile. Kopo ikabaki.

Pale njo paliniuma sana nilipofikiri, juu njaa ilishapita na mukono ukaendelea wenyewe. Kila gunia ilikuwa inatutolea mirongo 5 ya zaidi, na kila jumapili mi niko korali, sauti ya kwanza, natoa machozi ya kweli nikiimba kwamba vyote namupa Yesu. Sikuwa nadanganya, unanielewa? Nilikuwa namupenda Mungu. Nimebatizwa kwenye Ziwa Kivu nikiwa na miaka 14, maji ya baridi mpaka meno yakagongana, na sikumuacha Mungu kamwe. Ni kwamba kulikuwa chumba kimoja ambacho nilifunga na ufunguo nikaweka mfukoni, na nilikuwa namuonyesha vyumba vingine vyote namwambia karibu Bwana, karibu.

Sasa iko kitu sikukuambiaka. Yule mama muzee wa kambi ya watu waliokimbia vita, mulikuwa munaongea naye Kihunde, alikuwaka anakuletea majani ya kuogesha mapasa. Siku moja ulikuwa umeenda kunyonyesha, akaja na mufuko wake. Alinunua murongo moja asubuhi. Kule kambini alipima tena na kopo ya jirani, ikapunguka. Nilimuona anakuja nikatayarisha maneno ya kugombana, unajua midomo yangu. Akafungua mufuko mbele yangu, polepole, akaniambia, "Mutoto yangu, labda nilimwaga njiani, unisaidie tuhesabu tena." Labda nilimwaga njiani! Alikuwa anajua. Nilimuangalia macho na alikuwa anajua, na bado akanitafutia mulango wa kutokea nisipate haya mbele ya watu. Na mi nilifanya nini? Nilisema ndiyo mama, umemwaga njiani, pole. Akafunga mufuko akaenda. Alikuwa amevaa kambambili mbili za rangi tofauti.

Sikulala vizuri ile wiki, kisha nikalala. Mutu anazoea.

Halafu wewe ukaenda Bukavu, vita ikaingia huku Goma mwezi wa kwanza 2025, mwezi wa pili watu wa makambi wakaambiwa waondoke, kambi zikabomolewa, na yule mama sijui alienda wapi. Benki zikafungwa, kila mutu akawa anahesabu franga moja moja, na mi murongo yangu ikaendelea kufanya kazi, siku zile njo ilifanya kazi zaidi.

Sasa jumapili moja pasta akasoma Luka 19, Zakayo. Hadithi ya watoto, nilikuwa hata sisikilize sana, nilikuwa nafikiria unga. Lakini akasoma polepole na akarudilia mahali pamoja. Zakayo ni mukubwa wa watoza kodi kule Yeriko, tajiri, mutu wa kunyanganya, amepanda juu ya mukuyu kwa sababu ni mufupi. Yesu anafika chini ya muti anaangalia juu anamuita kwa jina, shuka haraka, leo lazima nikae kwako. Ile ni mustari wa 5. Zakayo kusema nusu ya mali yangu nawapa masikini na niliyemunyanganya namurudishia mara 4, ile ni mustari wa 8. Rafiki yangu, 5 inakuja mbele ya 8! Mutoto wa primeri anajua. Miaka yote mi nilisomaka ile hadithi kinyume, nilifikiri Zakayo alitengeneza mambo yake njo Yesu akakubali kuingia kwake. Hapana. Yesu alisema nakuja kwako wakati pesa za watu zilikuwa bado ndani ya sanduku. Njo maana watu walinunanuna, waliona anaingia kwa mutu wa zambi, na ni kweli alikuwa anaingia kwa mutu wa zambi.

Sikusikia tena mahubiri. Nilikaa pale korali na nguo yangu ya bluu naona kibanda chetu, naona Yesu amesimama mbele ya meza na ile kopo iko mukononi mwangu, na hasemi weka kwanza kopo. Anasema leo nakula kwako.

Njo jibu langu kwa odio yako. Ile "kwanza" uliyosema, nani alikufundisha? Mi pia niliisemaka miaka mine. Angalia yule mutoto mupotevu wa Luka 15, kule kwa nguruwe alijitayarishia maneno, nitamwambia baba nimekosa, sistahili kuitwa mutoto yako, unifanye kama mumoja wa watumishi. Anafika, baba anakuja mbio, anamukumbatia, mutoto anaanza kusema, na ukisoma muzuri utaona hakufika mwisho, ile ya kufanywa mutumishi hakuisema, baba alishaita watu walete nguo na pete. Alikuwa bado ananuka nguruwe! Hakuna mahali imeandikwa alioga kwanza. Na Paulo katika Warumi 5:8 anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye zambi. Tungali. Ile neno ndogo nimeizunguka wiki nzima nikipika, nikifua. Kama Mungu angengoja tumalize kuwa wenye zambi, musalaba ungekuwa haujasimama mupaka leo.

Sasa usifikiri nasema basi kopo iendelee. Nilirudi nyumbani ile jumapili, sikuvua hata nguo ya korali, nikachukua murongo na nyundo ya baba watoto nikataka kunyoosha kitako kutoka ndani. Nilipiga kidogo, nikapiga tena, bati ilikuwa imechoka, kikatoboka. Kikapasuka pale pale tulipogonga. Nilikaa chini nayo kwenye magoti, naona mwanga unapita kwenye lile tundu, nikasema Bwana, ona, hata hii siwezi kutengeneza mwenyewe, chukua, chukua na kibanda, chukua na kodi ya nyumba ya mwezi huu. Mutoto mukubwa akaniuliza mama unaongea na kopo? Nikamwambia hapana, naongea na Yesu. Akasema haya, akarudi kucheza.

Kesho yake nikanunua kopo mupya. Mama anayeuza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, alikuja, nikamupimia, akaangalia akasema leo umekosea umeniongezea. Nikamwambia hapana, leo njo nimepima. Alisimama pale kama dakika nzima, kisha akaenda bila kusema kitu, na hakurudi wiki mbili. Ile ilinichoma. Alirudi juzi, hakuongea juu yake, alinunua mirongo mbili na akaniachia sambaza kwenye karatasi.

Faida imepunguka, sitakuficha. Wifi yangu ananiambia mutu aliyeokoka hajengi nyumba. Kuna asubuhi nafungua kibanda na woga kabisa, nahesabu gunia kwa macho, na mukono unakumbuka. Kwa hiyo kila asubuhi, mbele ya kufungua, naweka mikono juu ya gunia nasema hii pia ni yako. Nilifikiri kutoa maisha kwa Yesu ni siku moja ya machozi. Kumbe kwangu mi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila siku, na baridi.

Ulisikia habari ya Floribert Bwana Chui? Yule kijana wetu wa Goma aliyekuwa anakagua bidhaa mupakani, wakataka kumupa pesa apitishe chakula kilichooza, akakataa, wakamuteka wakamuua mwezi wa 7 mwaka 2007, alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa 6, 2025, Wakatoliki wamemutangaza mwenye heri kule Roma. Mi niko muprotestanti lakini nilishangilia na majirani, tuliangalia pamoja kwenye telefone moja. Kisha usiku nikawaza, yeye alikufa ili watu wa Goma wasile chakula kibaya, na mi watu wa Goma hao hao niliwapunguzia maharagi, na soko na mupaka ni mwendo wa saa moja tu na miguu. Iliniangusha. Nilitaka kurudilia ile ya kusema sifai. Lakini nikakumbuka 5 na 8, nikawaza hata Floribert hakupendwa juu alikataa pesa, alikataa pesa juu alikuwa amependwa. Sijui kama nimesema vizuri. Pasta angesema vizuri zaidi, na angechukua saa mbili, unamujua.

Ile ya kurudisha mara 4 njo inanisumbua mpaka leo. Sheria ya Musa kwenye Walawi 6 inasema ukikiri unarudisha ile uliyochukua na sehemu ya tano juu yake, basi. Zakayo hakuna mutu aliyemulazimisha kufika 4, ni furaha ilimusukuma. Na mi nataka kufanya ile kwa furaha, siyo kwa kununua wokovu, Waefeso 2 imefunga ile mulango, ni kwa neema, hakuna wa kujisifu. Lakini nirudishe kwa nani? Wateja ni wengi, wengine walikufa, wengine walikimbia. Nimeanza kuweka murongo moja pembeni kila gunia kwa wajane wa kanisa. Bado lakini yule mama. Yule mama nataka kumuona na macho, nimwambie hakumwaga njiani.

Njo naomba unisaidie, wewe uliongea naye. Jina lake ni nani? Mi nilimuitaka mama tu. Alikuambiaka kijiji chake kule Masisi, ni upande wa Kitchanga ao upande wa Mweso? Alikuwa na mutoto wa kiume aliyefanya kazi ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, si ndiyo, unakumbuka alikuwa anapakia wapi? Kama unakumbuka hata neno moja niandikie leo, usingoje.

Na wewe, ni kitu gani hasa unataka kutengeneza kwanza? Ni murongo, ao iko ingine ambayo hukuniambia? Ni ile ya baba mapasa na deni? Hautaki kuniambia sawa, lakini Yeye unamwambia? Unasali hata kidogo ukiwa peke yako? Uko karibu na kanisa gani pale, Kadutu ama mulihamia Bagira? Mapasa wanatembea? Yule mudogo meno yametoka? Na kama nauli ya boti ni nguvu niambie, nitaweka pembeni kidogo kidogo, ukuje Noeli, utalala kwangu, watoto watajipanga chini.

Ile kopo iliyotoboka sijaitupa. Iko nyuma ya mulango, nimepanda kitunguu ndani.

Nakupenda sana. Jibu.

Ni mimi, Mama wa Virunga