Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Mheshimiwa, tunakukaribisha kwa furaha. Kwa kuwa wewe ni daktari wa mishipa ya fahamu, tumeona tukueleze kile kilichotushughulisha mwaka mzima: seli glia za ubongo.

Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Rudolf Virchow katika karne ya 19, kwa maana ya gundi. Kwa miaka mingi zikahesabiwa hivyo: za kushikilia na kulisha seli za neva, basi. Sisi tumevutwa na aina moja, itambulikanayo kwa protini NG2 inayochomoza juu ya uso wake. Seli hizi huzaa zile zinazotengeneza mielini, ala inayofunika nyuzi za neva. Lakini nyingi hubaki kama zilivyo hadi utu uzima, na seli za neva huunda sinapsi nazo, yaani maungio ya kupitishia ujumbe. Kama ni gundi tu, mbona zinapelekewa ujumbe?

Mwaka 2014 watafiti wa Mainz, Ujerumani, walionyesha kwamba nazo hujibu. Ubongo unaposhughulika, kimeng'enya ADAM10 hukata sehemu ya NG2 iliyo nje ya seli, nayo hubaki katika nafasi kati ya seli. Kwa panya wasio na NG2, mikondo ya umeme ya vipokezi vya glutameti, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za neva, ilidhoofika, na sinapsi zilizochochewa sana hazikuimarika kama kawaida. Uimarikaji huo ndio unaohusishwa na kujifunza na kukumbuka. Kisha wakaongeza kipande cha NG2, na mikondo ya aina moja ya vipokezi hivyo, AMPA, ikarejea. Tulipofika hapo kwenye somo, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Mheshimiwa, tuna hadubini moja, na lenzi yake kubwa imeingia ukungu. Tunaomba utusaidie kupata lenzi nyingine, pamoja na slaidi za tishu ya ubongo zilizotiwa rangi, hata zilizokwisha kutumika kufundishia. Tunafahamu kuwa NG2 yenyewe haionekani bila kingamwili maalumu. Kwa kuanzia, viini vya seli glia vinatutosha. Ombi la pili ni saa moja ya muda wako, siku yoyote utakayopanga, uje utufundishe. Maswali tumeshayaandika.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Baiolojia