Farasi wa bei kubwa naye ni mtoto

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wa pwani wanaotafuta kazi kwenye mazizi ya farasi Ulaya. Mmeeleza vizuri habari za mshahara na baridi, ila farasi wenyewe mmewapitia juu juu. Naomba nafasi niongeze.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Mwaka wa 9 huu ni saisi, yaani mtunza farasi, katika zizi moja karibu na Verden, mji wa Ujerumani unaosifika kwa minada ya farasi wa Hannover. Farasi wa dresaji, mchezo wa kumwendesha farasi kwa madaha, hufuata ishara ndogo za mpandaji, hata akainua miguu kwa mapigo pale pale aliposimama. Wa miaka 3 mwenye mwendo wa kupendeza huuzwa makumi ya maelfu ya yuro, na wengine hupita hapo mbali.

Aliyetoa fedha hizo huwa na haraka ya kuona vikombe. Mashindano ya dunia ya farasi wachanga huanzia miaka 5, na mifupa ya mgongo, pale pale panapokaa tandiko, ndiyo ya mwisho kukomaa, karibu miaka 6.

Nilimtunza mmoja mwekundu, alitoka mnadani hajatimiza miaka 3. Siku za mwanzo alikuwa akinifuata kama mbuzi wa nyumbani. Akapandwa siku 6 kwa wiki, hatamu imevutwa mpaka kidevu kinagusa kifua. Baada ya miezi michache, nikimjia na tandiko analaza masikio na kusaga meno. Nikamwambia mwalimu wake. Akasema farasi ana kiburi. Daktari alipompiga picha, pingili za mgongo zilikuwa zinasuguana. Alikuwa na miaka 4 tu, na hakupandwa tena.

Marehemu baba alikuwa na punda watatu wa kubebea mchanga na mawe kutoka gatini. Hatukuwa na kitu, lakini sikumwona hata siku moja akimtwika shogi mwana wa punda. Alimwacha afuate mamake mpaka akomae.

Wanaosubiri wapo hata huku. Carl Hester, mpandaji wa dresaji wa Uingereza, alimnunua farasi Valegro angali mdogo, kwa bei ya chini, na farasi wake anajulikana kuwaachia malishoni. Valegro alipochukua dhahabu kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 alikuwa na miaka 10.

Kwa hiyo kijana anayekuja huku, kabla ya kutia sahihi mkataba, aombe kuonyeshwa malisho. Aulize farasi wa miaka 3 hupandwa siku ngapi kwa wiki, na dakika ngapi. Na akiona farasi analaza masikio kila anapoletewa tandiko, aseme, hata kama yeye ni saisi tu.

Msomaji wenu wa Lamu,
Verden, Ujerumani