Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Mbio za Pikipiki, Tanga

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mhazini, wazee wetu walezi na ndugu wanachama mliofika: asalamu aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasomee wanachama taarifa ya mwaka katika mkutano mkuu, nami nasimama kutimiza wajibu huo. Mkutano huu ulikuwa ufanyike mwezi uliopita, ukaahirishwa kwa kukosa akidi, na jambo hilo nitalirudia.

Kwa shughuli za kawaida sitawachosha, kwa sababu nyingi mlikuwepo au mliziona kwenye kundi la WhatsApp. Tulifungua mwaka kwa msafara wa Pangani, tukachangia damu hospitali ya Bombo, tukashiriki wiki ya usalama barabarani, tukawaelekeza vijana wa bodaboda wa Ngamiani na Makorora namna ya kushika breki ya mbele bila kuteleza, na tukahuisha mambo ya usajili wetu. Mazoezi ya kuondoka kwenye mstari wa kuanzia yalifanyika kila mwezi isipokuwa wakati wa masika.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo, nalo ni uamuzi wa Kamati ya Utendaji kwamba mbio zetu za mwezi wa nane, zile za pikipiki mbili mbili kushindana kwenye barabara iliyonyooka, ziwe za pikipiki za spoti kama zilivyotoka kiwandani peke yake, na kwamba umbali uwe mita 201 badala ya mita 402 tulizozizoea. Uamuzi huo umesemwa sana vijiweni, na mengine yaliyosemwa yamenigusa mimi binafsi, kwa hiyo naomba mniruhusu nieleze kwa kirefu.

Nianze na umbali. Barabara tuliyoruhusiwa kuitumia ndani ya shamba la mkonge ina lami nzuri kwa mita 700 tu, na baada ya hapo kuna changarawe na mtaro. Kibali cha barabara hiyo, niseme tu ili kumbukumbu ziwe sawa, nilikifuatilia mwenyewe kwa mafuta yangu na muda wangu, wakati wengine wakituma alama za dole gumba kwenye kundi. Pikipiki ya cc 1,000 ambayo haikuguswa chochote, ikipata mwendeshaji anayeijua, humaliza mita 402 kwa sekunde 10 na kitu ikiwa na mwendo unaozidi kilomita 220 kwa saa, yaani mita 61 katika kila sekunde moja. Mwendeshaji wetu wa kawaida, ambaye hashiki breki kwa ustadi wa watu wa mashindano makubwa, anahitaji zaidi ya mita 300 ili asimame kutoka mwendo huo. Jumlisheni 402 na 300 muone lami inaishia wapi. Kwa mita 201 pikipiki hiyo hiyo huvuka mstari kwenye kilomita 180 hivi kwa saa, husimama ndani ya mita 200 na ushee, na baada ya hapo bado kuna nafasi ya kutosha kwa mtu aliyechelewa kukata mafuta. Waliosema kwamba mita 201 ni mbio za watoto nawakumbusha kuwa Marekani, ambako mchezo huu umelelewa na NHRA, chama chao cha mbio hizi, tangu mwaka 1951, magari yao yenye nguvu kuliko yote yalipunguziwa umbali kutoka mita 402 hadi mita 305 mwaka 2008, baada ya dereva wao Scott Kalitta kufariki dunia mbioni kule Englishtown, New Jersey. Wao wana viwanja vilivyojengwa kwa kazi hiyo, sisi tuna barabara ya kubebea mkonge.

Kuhusu pikipiki za kiwandani, kanuni iliyobandikwa mwezi mzima kabla ya mbio ilisema wazi kwamba matairi yawe ya barabarani, ekzosti iwe ya asili, sproketi zisibadilishwe, mkono wa tairi la nyuma, yaani chuma kinachoshikilia tairi hilo, usirefushwe, shokapu za mbele zisifungwe mikanda ya kuzishusha, na mfumo wa umeme wa injini usichezewe. Vilivyoruhusiwa ni kupunguza upepo wa tairi la nyuma, kurekebisha cheni, kubadilisha oili na kuondoa vioo vya kutazamia nyuma. Kanuni hiyo haikuwa ngumu, na kila aliyelalamika baadaye aliisaini.

Siku ya ukaguzi ililetwa pikipiki moja ambayo mkono wake wa nyuma ulikuwa umekatwa na kuongezwa kipande kwa kuchomelea. Namna ya kufikiri ya mwenzetu ilieleweka, kwani pikipiki ndefu hainyanyui tairi la mbele kwa urahisi na huondoka bila woga. Lakini Katibu wa Ufundi alipofuta vumbi na grisi kwa kitambaa chenye petroli, karibu na ekseli upande wa cheni, ulionekana ufa mwembamba uliofuata ukingo wa kuchomelea kwa urefu wa kucha ya kidole gumba. Mwenye pikipiki alisema ni rangi. Katibu akapitisha ncha ya bisibisi, ikashika. Nikaagiza pikipiki hiyo isipande mstarini, na hilo ningeliagiza hata kama ingekuwa ya mdogo wangu wa tumbo moja. Wanachama saba waliondoka naye kwa kumuunga mkono, wakadai warudishiwe kiingilio, na Kamati ikakataa kwa sababu kanuni inasema kiingilio hakirudishwi baada ya ukaguzi kuanza.

Limesemwa pia kwamba niliipigania kanuni ya kiwandani kwa sababu mwaka huu nimenunua pikipiki mpya. Ni kweli nimenunua Kawasaki Ninja ZX-6R ya cc 636, na sijaificha, kwani nimekuja nayo leo na iko hapo nje chini ya mwarobaini. Hata hivyo pendekezo la daraja la kiwandani liliandikwa kwenye muhtasari wa Kamati kabla pikipiki hiyo haijafika nchini, na muhtasari huo anao Katibu kwa yeyote atakayeuhitaji. Isitoshe, pikipiki mpya si faida kama wanavyodhani wasiowahi kumiliki. Kitabu cha mtengenezaji kinataka kilomita 1,600 za mwanzo injini isizungushwe sana, na huduma ya kwanza ya oili ifanyike kwenye kilomita 1,000, kwa hiyo nilikwenda Segera na Korogwe na kurudi, tena na tena, nikipitwa na mabasi na hata na Fuso zilizopakia machungwa ya Muheza, kwa ajili tu ya kuiandaa kihalali. Katika mbio zenyewe nilishika nafasi ya nne. Mtu anayetunga kanuni kwa ajili ya kujipendelea hashiki nafasi ya nne.

Faida ya kanuni hii ilionekana kwa macho. Katika mpambano wa pili kijana wetu mmoja wa Chumbageni, mwenye pikipiki ya cc 600, alipangwa na mgeni kutoka Arusha aliyekuwa na cc 1,000. Mgeni aliachia klachi kwa pupa, tairi la mbele likapanda, akalazimika kukata mafuta na kulishusha. Kijana wetu alikuwa amelala juu ya tangi, kifua kimegusa kifuniko cha mafuta, vidole viwili kwenye klachi, akaiachia kidogo kidogo huku sauti ya injini ikibaki pale pale, na mita 18 za mwanzo zikaamua kila kitu. Mgeni alimkaribia mbele ya safari lakini umbali ukamwishia. Kama tungeruhusu mikono mirefu na matairi laini, mpambano huo ungeamuliwa na mfuko wa mwenye pikipiki.

Hapa niongeze ufafanuzi kwa ndugu aliyeniandikia barua kwamba alishindwa ilhali muda wake ulikuwa mzuri kuliko wa mpinzani wake. Mashine ya kupimia muda huanza kuhesabu pale tairi la mbele linapoacha mstari, haisubiri taa ya kijani. Ukisinzia kwenye taa, muda wako utakuwa mzuri na bado mwenzako atafika kabla yako. Barua yake nimeijibu kwa maandishi na suala hilo nalihesabu limefungwa.

Mbio tuliziweka mwezi wa nane kwa makusudi, kwa sababu wakati wa kusi hewa ni ya baridi kidogo na nzito, na injini hupumua vizuri kuliko kwenye joto la kaskazi. Wageni wa kutoka bara walikiri kwamba pikipiki zao zilivuta zaidi hapa usawa wa bahari kuliko kwao kwenye mwinuko, na nina hakika Tanga ina nafasi ya kuwa makao ya mchezo huu nchini ikiwa sisi wenyewe tutakuwa na nia.

Nia hiyo ndiyo ninayoitilia shaka. Chama kina wanachama 64 kwenye daftari, lakini wastani wa mahudhurio ya mikutano ni watu 17, na vikao viwili vya Kamati vilivunjika kwa sababu tulikuwa mimi, Katibu na mlinzi wa ukumbi. Wapo wanaosaini daftari, wakanywa soda, na kabla ajenda ya pili haijafika wameshawasha pikipiki. Ule msemo wa mji wetu wa waja leo waondoka leo haukukusudiwa mikutano ya chama. Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi, kiasi ambacho wengi wetu tunakimaliza kwa mafuta ya jioni moja ya kuzunguka Raskazone. Tulitarajia shilingi 7,680,000, tukakusanya 3,120,000, na 4,560,000 zimebaki midomoni. Ukiongeza viingilio vya mbio 1,140,000 na mchango wa wafadhili 500,000, mapato yote yalikuwa 4,760,000, na matumizi, yakiwemo kukodi mashine ya muda na gari la wagonjwa, kusafisha barabara, vikombe na chakula, yalifika 4,525,000, hivyo tumebakiwa na shilingi 235,000. Niliwaomba wahasibu wasiweke gharama zangu za kufuatilia vibali, ingawa zilikuwepo. Naona pia ni haki mjue kwamba kati ya wale saba walioondoka siku ya ukaguzi, watano wanadaiwa ada ya zaidi ya miezi sita.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mashine yetu wenyewe ya kupimia muda, kuzungumza na wenye shamba juu ya kuongezewa lami, kuwavutia akina dada wanaoendesha, na kuangalia uwezekano wa daraja la pikipiki zilizofanyiwa marekebisho, mradi ukaguzi wake ufanywe na fundi anayekubalika. Tarehe na bajeti zitapangwa na Kamati hali ya fedha itakaporuhusu.

Azimio la kutaka uamuzi wa mita 201 na wa pikipiki za kiwandani utenguliwe limepokelewa likiwa na sahihi kumi na moja. Kwa mujibu wa katiba, anayedaiwa ada ya zaidi ya miezi mitatu hana kura, na Mhazini ana orodha ya wenye haki ya kupiga kura, ambayo ataisoma kabla ya ajenda hiyo. Risiti zinaendelea kukatwa mezani kwake hadi saa tano kamili.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti