Ushuru wa korosho ghafi tunaulipa wakulima, urudi uwe mtaji wa kubangulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ushuru wa kusafirisha nje korosho ghafi, yaani zenye ganda, ambazo hazijabanguliwa. Kila msimu ukifunguliwa huku kusini, habari ni za bei ya mnada tu: leo imepanda, kesho imeshuka. Ushuru hautajwi, na wakulima wengi ninaokaa nao kwenye mikutano ya chama cha msingi, ushirika wetu wa kijijini, wanaamini hauwahusu.

Unatuhusu kuliko mtu yeyote. Msafirishaji wa korosho ghafi hutozwa asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini, au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwenye karatasi anayelipa ni yeye. Lakini kabla hajaandika bei mnadani huanza na bei atakayouzia Vietnam au India, akatoa nauli ya meli, akatoa usafiri wa kufika bandari ya Mtwara, akatoa ushuru, akatoa faida yake. Kinachobaki ndicho tunachosomewa sisi. Hapo chama cha msingi na chama kikuu cha ushirika bado hawajakata chao. Kwa hiyo ule ushuru unatoka kwenye gunia la mkulima aliyeamka alfajiri kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, halafu akainama wiki kwa wiki kuokota.

Hata hivyo sitaki ufutwe. Jirani zetu ng'ambo ya Mto Ruvuma walishapitia huko. Mwaka 1995 Msumbiji ilikubali masharti ya Benki ya Dunia kupunguza ushuru wa korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei nzuri zaidi. Ghafi zikaondoka kwenda India, viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mchumi Dani Rodrik na wenzake walipopiga hesabu baadaye walikuta faida iliyomfikia mkulima ilikuwa kama dola 5 tu kwa kaya kwa mwaka. Msumbiji ikaurudisha ushuru hadi asilimia 18, na viwanda vipya vikaanza kuota tena Nampula, kaskazini mwa nchi hiyo.

Wanaotununulia nao hawaachi soko lijiendeshe lenyewe. India inatoza ushuru mkubwa korosho iliyobanguliwa inayoingia kutoka nje, na mdogo sana kwa ghafi. Inalinda ajira za Kollam, mji wake wa viwanda vya korosho, na ina haki ya kufanya hivyo. Sisi ajira za Newala, Masasi na Lindi nani anazilinda?

Mhariri, ushuru huu una uhalali mmoja tu machoni pangu: usaidie korosho ibanguliwe hapa. Ukienda kwingine unakuwa kodi ya kumkamua mkulima. Zamani asilimia 65 ya makusanyo ilirudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao hili. Juni 2018 Bunge likabadili sheria, fedha zote zikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali, ingawa wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu. Baadaye pembejeo za ruzuku zilirudi, nashukuru, na matokeo yameonekana: msimu wa 2024/25 nchi ilivuka tani 500,000. Lakini takriban tisa katika kila kumi ya korosho zetu bado zinapanda meli na maganda yake.

Watu husema viwanda vyetu vimekufa kwa uvivu au kwa mashine za kizamani. Kwa tuliofanya kazi ya ubanguaji, sababu ni nyingine. Kwenye kikundi chetu cha akina mama korosho hupikwa kwa mvuke, hupoa usiku kucha, asubuhi tunazikata moja moja kwenye mashine ya mkono. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kwa hiyo kabla ya kukaa kitini kila mmoja hupaka mikono mafuta ya kula, na wengine hujisugua majivu. Kisha zinakaushwa, tunamenya lile ganda jekundu la ndani, halafu tunapanga madaraja: nzima nyeupe peke yake, nusu peke yake, vipande peke yake. Kilo 4 za ghafi hutoa kama kilo 1. Ni kazi ya uangalifu na tunaiweza. Tatizo ni kwamba ikifika Machi ghala ni tupu, mashine zinafunikwa maturubai, na akina mama wanarudi kuuza mihogo barabarani.

Ghala ni tupu kwa sababu korosho yetu inavunwa kati ya Oktoba na Januari, na mbanguaji wa hapa lazima ndani ya miezi hiyo anunue mzigo wa mwaka mzima. Fedha anakopa benki kwa riba ya tarakimu mbili, mzigo unakaa ghalani na riba inatembea. Mwenzake wa Binh Phuoc, Vietnam, ananunua yetu mwisho wa mwaka, na kuanzia Februari anapokea ya Kambodia, Kodivaa, Ghana na Nigeria. Mashine zake hazilali. Akikaa mnadani na mtu wetu, mmoja ana mtaji wa bei rahisi na viwanda vinavyomsubiri, mwingine ana barua ya mkopo ambao huenda ukatoka mnada umeshafungwa.

Tuliwahi kujaribu kuruka hatua hii ya kuwapa wabanguaji mtaji kwanza. Novemba 2018, baada ya wakulima kugomea bei za mnada, Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Bei ilikuwa nzuri. Nia ya kubangua ndani ilikuwa nzuri pia. Lakini uwezo wa kubangua kiasi kile haukuwepo, mzigo ukalala maghalani, na mwisho sehemu kubwa ikauzwa ghafi. Ndiyo maana kila kiongozi anapotutajia mwaka ambao kusafirisha ghafi kutapigwa marufuku, moyo wangu unashtuka. Marufuku ikija kabla ya viwanda kuwa na mtaji, itatuacha na magunia yasiyo na mnunuzi.

Ninachoomba ni hiki. Sehemu kubwa ya ushuru iwekwe kwenye mfuko wa kuwakopesha wabanguaji wa ndani kwa riba nafuu, na fedha zitoke Septemba, kabla ya mnada wa kwanza. Wakopaji wawe viwanda na vikundi, wazawa na wageni, alimradi wanabangulia hapa na mzigo wao unakaguliwa. Mwekezaji kutoka India au Vietnam akija na mashine zake Mtwara, karibu sana, naye apange foleni hiyohiyo.

Lakini wabanguaji wasipewe korosho kwa bei ya chini ya mnada. Nasikia pendekezo hilo kila mara, wauziwe kwanza kwa bei ya makadirio ili washindane na wageni. Hapana. Huko ni kumtoza mkulima mara ya pili kwa ajili ya kiwanda ambacho tayari anakichangia kupitia ushuru. Waingie kwenye mnada wa Soko la Bidhaa Tanzania, unakouzwa mzigo wetu, pamoja na wengine na walipe bei inayolipwa na wengine, ila waingie na fedha mkononi. Wakiongezeka wanunuzi wenye fedha, bei yetu nayo itapanda.

Wabunge wa Mtwara, Lindi na Ruvuma, bajeti ijayo ikisomwa tunawaomba mumuulize Waziri wa Fedha maswali mawili tu na msikae mpaka ajibu: ushuru wa korosho ghafi uliokusanywa msimu uliopita ni shilingi ngapi, na kati ya hizo ngapi zimemfikia mtu anayebangua? Majibu yachapishwe gazetini, tuyasome kwenye mikutano ya vyama vya msingi kabla ya Oktoba.

Mkulima na mbanguaji wa korosho,
Newala, Mtwara