Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR: watafiti vijana wafundishwe kuchagua tatizo

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

YAH: OMBI LA MAFUNZO YA KUCHAGUA MATATIZO YA AFYA KWA WATAFITI WAPYA

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mwalimu ambaye kwa miaka kadhaa nimesimamia maandiko ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili katika afya ya jamii. Kila mwaka, wiki ya kwanza, huwauliza swali moja: kwa nini umechagua tatizo hili ukaacha mengine? Majibu hayabadiliki sana. Mmoja amelichagua kwa sababu takwimu zipo tayari kwenye mradi wa msimamizi wake, mwingine kwa sababu mfadhili ametangaza fedha za ugonjwa huo, na mwingine kwa sababu aliyemtangulia chuoni aliandika juu ya jambo hilohilo akafaulu. Siwalaumu. Tunawafundisha kukokotoa sampuli, kuandaa hojaji na kuomba kibali cha maadili, lakini hatuwafundishi kupima kama swali lenyewe linastahili miaka miwili ya ujana wao na fedha za umma.

Sheria iliyoanzisha taasisi yako mwaka 1979 iliipa kazi ya kufanya, kusimamia na kuratibu utafiti wa afya nchini, na kwa sababu hiyo naona ombi hili lina mlango wake kwako kuliko kwa chuo kimoja kimoja.

Mfano wa faida ya jambo hili tunao nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya ikishirikiana na IDRC, kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, iliendesha TEHIP, mradi wa kupanga huduma muhimu za afya, katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki na alionyesha dalili gani kabla ya kufariki, kisha majibu yakachorwa kwa namna ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuona kwa mara moja mzigo wa kila ugonjwa kando ya fedha zilizotengwa kwa ajili yake. Ilipoonekana kwamba malaria na magonjwa makuu ya watoto yalikuwa yakipata fungu dogo kuliko mzigo wake, fedha zilihamishwa. Nyongeza iliyotumika haikufika dola moja ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka, na katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sidai kwamba michoro peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo, maana vyandarua navyo vilikuwa vikienea wakati huohuo. Hata hivyo, hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa Rufiji. Watu waliketi, wakalinganisha, wakaamua.

Lakini kulinganisha kwenyewe kunahitaji jicho lililofunzwa, na hapa naomba nikueleze jambo nililoliona. Nilifuatana na mwanafunzi wangu mmoja hadi kwenye zahanati ya kijiji kilichozungukwa na mashamba ya mpunga, kwa kuwa alitaka kujua kama kuumwa na nyoka ni tatizo linalostahili kuingizwa kwenye bajeti ya halmashauri. Tuliketi kwenye benchi la nje, akafungua kitabu cha MTUHA namba 5, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, na kuteremsha kidole mstari kwa mstari, mwezi kwa mwezi. Mwaka mzima alipata wagonjwa wawili. Akafunga kitabu na kusema tatizo ni dogo. Muuguzi aliyekuwa akipanga kadi za kliniki hakuinua hata kichwa: "Hapa hawaji. Dawa ya sumu ya nyoka hatuna, waje kufanya nini?" Akatuelekeza kwa mganga wa kienyeji ng'ambo ya mfereji, na kabla jua halijazama tulikuwa tumekwishatajiwa watu wengi kuliko waliokuwa kitabuni, akiwamo mama mmoja tuliyemkuta akipalilia kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umekunjamana na kukakamaa tangu alipoumwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuumwa na nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na ilikuwa mwaka 2017 ndipo lilipoliweka tatizo hili katika kundi la juu la magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Mwanafunzi mwenye akili nzuri alikaribia kulifuta tena kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kuuliza kitabu kimewaacha nani nje.

Wanahitaji pia kufundishwa kutoshikwa na tokeo moja. Utafiti wa Mwanza, ambao taasisi yako ilishiriki, ulionyesha mwaka 1995 kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Miaka minne baadaye utafiti wa Rakai, Uganda, uliowapa dawa watu wote kwa mkupuo, haukuona tofauti hiyo. Kijana anayeweza kueleza kwa nini tafiti mbili nzuri, pande mbili za ziwa moja, zilitofautiana, huyo naweza kumwamini anaponiambia fedha ziende wapi.

Ninachoomba ni mafunzo ya mwaka mmoja kwa vijana wachache, kumi wanatosha kwa kuanzia. Kila mmoja apewe orodha ndefu ya matatizo, kuanzia sumukuvu kwenye mahindi hadi ajali za bodaboda, atumie siku mbili au tatu kwa kila moja akiuliza linaumiza wangapi, kuna tiba au kinga gani iliyothibitishwa, itagharimu kiasi gani, na nani tayari analifanyia kazi. Mengi atayaacha, na apewe maksi kwa sababu alizozitoa za kuyaacha. Mawili yatakayobaki ayafuate hadi vijijini, kisha aandike kurasa nne ambazo Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kuzitumia anapoandaa mpango wa afya wa halmashauri.

Jambo hili lisisubiri. Mwaka 2025 tumeona serikali ya Marekani ikisimamisha misaada yake na kulifunga shirika lake la misaada, USAID, na huduma zilizozoeleka zikayumba. Orodha ya vipaumbele iliyokuwa ikiandikwa kwingine sasa inatuangukia sisi, na watu wa kuiandika kwa uangalifu bado ni wachache mno.

Rasimu ya mtaala ninayo, pamoja na mazoezi ambayo nimeyajaribu na wanafunzi wangu. Naomba nafasi ya kuiwasilisha mbele ya wataalamu wako siku yoyote mtakayoipanga.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa afya ya jamii, Morogoro